Jibu "halieleweki" na kipimo cha pili: kwa nini tunakulipisha tena

Wiki hii dada mmoja alisimama mapokezi na karatasi yake mkononi akasema tumemtoza mara mbili kwa kitu kimoja. Alilipia pap, kipimo cha kuchunguza mapema dalili za saratani ya mlango wa kizazi, jibu likaja kwamba seli za mlango wa kizazi si za kawaida ila maana yake haijulikani, halafu akaambiwa kuna kipimo kingine cha kulipia. Malalamiko haya hayaishi, kwa hiyo tunayajibu hapa.

Pap ni mtaalamu kukaa kwenye darubini na kuangalia umbo la seli. Kiini cha seli huweza kuvimba kwa sababu ya kirusi cha HPV, lakini pia kwa fangasi, maambukizi ya kawaida, au mwili kukoma hedhi. Huku kwetu kuna na kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake hukwama kwenye mlango wa kizazi na kuuharibu. Tukiandika kwamba hatuwezi kusema ni nini, ndicho tulichokiona. Anayekuandikia "safi" ili uondoke na furaha ndiye anayekuibia.

Kipimo cha pili kinatafuta protini mbili, p16 na Ki-67. Ki-67 huonekana kwenye seli inayogawanyika. p16 kazi yake ni kuizuia isigawanyike. Kwenye seli yenye afya hazikai pamoja. HPV ya hatari, yaani aina inayoweza kuleta saratani, ikishavuruga mambo, zote mbili hujitokeza ndani ya seli ileile. Tunazipaka rangi: p16 inatoka kahawia, Ki-67 nyekundu kwenye kiini. Seli moja yenye rangi zote mbili inatosha kukupeleka kolposkopi, yaani kuangaliwa mlango wa kizazi kwa lenzi inayokuza. Isipopatikana, uwezekano wa ugonjwa mkubwa kwa sasa ni mdogo, na daktari anakupangia tarehe ya kurudi bila kukukata kipande cha nyama cha kupima.

Bei ndiyo inayoumiza, tunajua. Kingamwili za kipimo hiki, yaani dawa za maabara zinazozinasa p16 na Ki-67, zinaagizwa nje na lazima zikae nyuzi 2 hadi 8 njia nzima. Umeme ukikatika, jenereta inanguruma kwa ajili ya friji hilo. Kila tunapopaka rangi tunaweka na slaidi (vioo vyenye seli) za kulinganishia, iliyo na ugonjwa na isiyo nao, ambazo hakuna mteja anayezilipia. Awe mteja mmoja au kumi, lazima ziwepo. Ndiyo maana hatupimi kila siku.

Sasa wengi wanakimbilia kurudia pap mahali pa bei nafuu baada ya siku chache. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni, Mwanza, alifanya hivyo. Seli za juu zilikuwa zimeshakwanguliwa na mpya hazijakomaa, akaandikiwa "safi", akaendelea na biashara yake. Alirudi kwetu anatokwa damu baada ya tendo la ndoa, na safari hii rangi zote mbili zilionekana. Alishalipa pap mbili, nauli na dawa za kusafishia alizouziwa mtaani, na kipimo alichokikwepa akakilipia vilevile. Kinachotuuma ni kwamba chupa yenye majimaji ya seli za pap yake ya kwanza ilikuwa bado rafuni kwetu. Kipimo hiki hufanyika kwenye majimaji yaleyale ya pap, bila kupanda kitandani tena.

Mwingine alivuka na kivuko kutoka Ukerewe na slaidi yake kwenye tishu ndani ya mkoba. Seli zikikauka kabla ya kuingia kwenye spiriti, hazisomeki. Tuliikataa, akaona tunataka kumuuzia nyingine. Tungeipokea pesa ile, tungempa karatasi isiyo na maana.

Kipimo cha siki, ambapo mlango wa kizazi hupakwa siki na kuangaliwa kwa macho, kipo vituo vingi vya serikali, na hatumzuii mtu kuanzia huko. Ila ukija kwetu kwa pap, siku mbili kabla usiweke dawa ukeni, usijioshe ndani, na msikutane na mwenzio. Jibu likitoka halieleweki, kabla ya kwenda kokote tuulize kama chupa yako bado ipo.