Barua kwa Mwanangu Aliyeko Chuo cha Sanaa

Mwanangu mpenzi,

Nimepata ujumbe wako kwamba huingii chumba cha mtihani kwa sababu hakuna mwalimu pale anayeweza kukupima. Maneno hayo nayajua yalikotoka. Ni ya Salvador Dalí, yule mchoraji wa Hispania, na kitabu alichojisimulia maisha yake, kile kilichotoka 1942, nami nimekisoma. Basi tukizungumze.

Nilicheka mpaka machozi. Mtu anakwambia kwamba akiwa na miaka sita alitaka kuwa mpishi, akiwa na saba akataka kuwa Napoleon, na toka hapo tamaa ya makuu ikazidi kumea! Anatia chumvi bila kupima wala haoni haya, na hapo ndipo anaponifurahisha. Huyu ndiye aliyekwenda London mwaka 1936 kutoa hotuba akiwa ndani ya vazi la mzamiaji, kofia ya chuma imefungwa kichwani, akakaribia kukosa pumzi mbele ya watu.

Kilichonishika zaidi ni mtihani wa kuingia chuo cha sanaa cha San Fernando, Madrid, mwaka 1922. Watahiniwa walitakiwa kuchora sanamu ya plasta kwa vipimo maalumu. Yeye akachora kadogo. Baba yake, mthibitishaji wa hati na mtu wa heshima kwao Figueres, alikuwa akisubiri nje, na bawabu ndiye aliyempenyezea kwamba mchoro wa kijana haufiki vipimo. Maskini, baba wa watu roho juu. Kijana akafuta, akachora upya, safari hii ukawa mkubwa kupita kiasi. Akafuta tena, muda unayoyoma, na wa mwisho ukatoka mdogo kuliko hata ule wa kwanza! Wakampokea hivyo hivyo: vipimo amekosa, lakini mchoro hauna kasoro. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe, na chumvi ni yake. Mimi kila nikisoma pale namwona yule mzee mlangoni.

Sasa tuje 1926, mwaka unaoupenda wewe. Kwamba aliwaambia watahini hawana uwezo wa kumpima, na kwamba alifukuzwa moja kwa moja, ni kweli tupu. Lakini mwaka huohuo alichora Kapu la Mkate. Tafadhali litafute, ulikuze kwenye skrini, ulitazame polepole. Ni ubao mdogo, kama sentimita 31 kila upande. Tazama nyuzi za kapu zinavyopishana, moja juu, moja chini, bila hata moja kupotea njia. Tazama mikunjo ya kile kitambaa cheupe na kivuli kinavyoingia ndani ya kila mkunjo. Mkono ule ulikuwa umefanya kazi ya kuchosha, siku baada ya siku, kabla mdomo haujawaambia walimu lolote. Hata ule mchoro wake maarufu wa saa zinazoyeyuka, wa 1931, uko kwenye turubai la sentimita 24 kwa 33 tu, na hakuna mahali brashi ilipobabaisha.

Ukaidi wako siupingi. Umezaliwa nao, na sitaki mtu yeyote akuondolee. Ninachokitaka ni uwe na kapu lako la mkate kwanza.

Jambo jingine, maana huenda ulilipita haraka. Mwaka 1929 yule mzee alimfukuza mwanawe nyumbani, wakagombana vibaya sana. Lakini ni mzee huyohuyo aliyekuwa akikata habari za mwanawe kwenye magazeti na kuzibandika kwenye daftari. Mtu na hati zake na mihuri yake, anakata magazeti kwa mkasi! Mimi mkasi ninao tayari, nakuambia kweli, na daftari pia.

Kwa hiyo nenda kafanye huo mtihani. Ukiona swali ni la kipuuzi, lijibu vizuri kuliko lilivyoulizwa, kisha uende ofisini kwa mwalimu ukamweleze kwa adabu kwa nini ni la kipuuzi. Na wiki hii nichoree mkono wako wa kushoto kwa penseli, wenye mishipa yote na ile kucha iliyopasuka, unitumie kabla hujausahihisha.

Nakupenda mno,
Mama yako