Mchezaji wa Klabu Nne

Melbourne, Australia

Ndugu yangu Shabani,

Salamu sana. Sisi huku wazima, ila baridi ndiyo inatukomesha.

Barua yako nimeipata. Umeniandikia kwamba Hamisi ametemwa tena, na kwamba mchezaji anayehamahama ni mzigo, heri atundike daluga. Shabani, umemhukumu mdogo wako upesi mno. Hebu nikupe habari za Martin Pike, mchezaji wa mpira wa huku.

Kwanza huu mpira wao wa Kiaustralia. Si soka, si raga. Uwanja una umbo la yai na mpira nao vilevile, kila upande watu 18. Kuurusha kwa mkono hairuhusiwi, unaupiga ngumi au teke. Golini kuna milingoti minne: ukiupitisha kwa mguu kati ya ile miwili mirefu unapata pointi 6, ukipita kati ya mrefu na mfupi wa pembeni yake, pointi 1. Yaani hata aliyekosa anapewa cha kufutia machozi! Mpaka leo sijazoea.

Pike alianzia klabu ya Melbourne mwaka 1993. Hakudumu, akaenda Fitzroy, klabu kongwe iliyokuwa imekwisha kabisa kifedha. Mwaka 1996 Fitzroy ilishinda mechi 1 tu kati ya 22. Katika balaa hilo, mchezaji bora wa klabu alikuwa Pike. Mwisho wa msimu Fitzroy ikaunganishwa na klabu ya Brisbane Bears, ikazaliwa Brisbane Lions. Brisbane wakaruhusiwa kuchagua wachezaji 8 wa Fitzroy. Wakachagua wanane wao, Pike wakamwacha. Mchezaji bora wa mwaka!

Kuna mzee nafanya naye kazi ghalani, alikuwa Fitzroy damu. Skafu yake ya nyekundu, bluu na dhahabu imechakaa mpaka nyuzi zinaning'inia, lakini haivui toka Mei hadi Septemba. Ukimtajia wale wanane anavuta pumzi kwanza ndipo akujibu.

Basi Pike akachukuliwa na klabu nyingine, North Melbourne. Mwaka 1999 wakaifunga Carlton kwenye fainali, akavaa medali. Msimu wa 2000 ulipokwisha, nao wakamwacha. Nani akamchukua? Brisbane! Walewale. Wakabeba ubingwa 2001, 2002 na 2003, na fainali zote tatu Pike yumo, pamoja na Chris Johnson, mmoja wa wale wanane. Akastaafu 2005 akiwa na medali nne za klabu mbili. Kuna nyota kibao waliokaa klabu moja maisha yao yote na medali hawakuigusa.

Sisemi Hamisi atakuwa Pike. Ila kutemwa na kocha mmoja ni maoni ya kocha mmoja, na wewe kaka mtu usiyageuze kuwa hukumu.

Muulize anavaa namba ngapi. Mwezi ujao kuna jamaa anakuja Tanga, nitampa daluga mpya amletee. Mama msalimie sana.

Wako,
Juma