Njia ya shambani ni ya wote, ila mbwa afungwe kamba

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika hivi karibuni kwamba Mswahili anayeishi Uingereza hana la kutafuta mashambani wakati wa baridi. Ardhi yote ni ya matajiri, alisema, ukikanyaga utafukuzwa, na kutembea matopeni na mbwa ni kuiga uzungu tu. Naomba nafasi nimjibu, kwa sababu kwa miaka kumi na mbili niliyokaa Sheffield nami nilisema maneno hayo hayo. Wikiendi moja ya Januari iliniumbua.

Mimi ni mhudumu wa wazee, nafanya zamu za usiku. Bibi jirani yangu aliteleza kwenye barafu mlangoni kwake, akavunjika nyonga, akalazwa. Akaacha mbwa mdogo wa manyoya ya kahawia, jike, jina lake Pip. Mimi ni mtoto wa Pangani. Kwetu mbwa hakuvuka kizingiti. Nilimchukua kwa masharti: alale jikoni, na bakuli lake lisikutane na masufuria yangu. Akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, kama nilivyofunzwa chuoni. Udongo, kama mtakavyoona, haukutupungukia.

Nilipokwenda kumtazama bibi hospitali, hakuuliza habari za nyumba yake. Aliuliza nani atampeleka Pip Edale, kijiji cha milimani, maana kila Januari huenda. Akanielekeza kabati la ramani yake: ile ya jalada la rangi ya chungwa, ya kipimo cha 1 kwa 25,000, imekunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Ilikuwa na misalaba midogo ya penseli hapa na pale, nikadhani ni sehemu alizokuwa akipumzika kula. "Ukiona vistari vya kijani," aliniambia, "hiyo njia ni yako kama ilivyo ya mfalme."

Sikuamini. Basi nikamshawishi shoga yangu wa kazini, mtu wa Mombasa, tukapanda treni ya Jumamosi asubuhi. Kutoka Sheffield hadi Edale ni kama nusu saa, na mbwa halipiwi nauli. Shoga alikaa kiti cha mbali na Pip, koti amelikusanya mapajani.

Nianze na hilo la ardhi. Msomaji wenu hakusema uongo. Amechelewa miaka tisini tu. Mlima unaouona ukishuka kituo cha Edale, upande wa kaskazini, ni Kinder Scout, mita 636. Zamani ulilindwa kwa ajili ya wenye nafasi wanaowinda ndege, na mtu wa kiwandani aliyetaka hewa safi Jumapili alirudishwa kwa fimbo. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda bila idhini wakapambana na walinzi. Watano walifungwa jela, kati ya miezi miwili na sita. Mwaka 1951 eneo hilo, Peak District, likawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Sheria ya mwaka 2000 ikaja kuwapa watu wote haki ya kutembea kwa miguu kwenye nyika na milima ya wazi. Na zile njia za miguu zinazokatiza mashamba ni za zamani zaidi ya hayo yote: mwenye shamba anamiliki udongo, lakini hana ruhusa ya kuziba njia. Kibao chenye mshale wa njano maana yake pita. Wa bluu, pita hata na farasi au baiskeli.

Kwa hiyo tukapita. Ngazi za mawe zimechomekwa kwenye kuta zilizopangwa bila saruji, unapanda upande huu unashuka upande ule, na Pip anapenya chini kama anajua mlango wake. Shoga alisimama kwenye kila lango.

"Shoga, ng'ombe je?"

"Baridi hii wengi wamefungiwa mabandani."

"Na wasiofungiwa?"

Hilo nililijibu kwa kutembea haraka. (Baadaye nilielezwa: ng'ombe wakikukimbilia ukiwa na mbwa, achia kamba. Mbwa atawashinda mbio, wewe hutawashinda.)

Tulipanda hadi Hollins Cross, tukafuata mgongo wa mlima mpaka Mam Tor, mita 517. Huko juu upepo unakunyang'anya neno kabla halijatoka mdomoni. Upande mmoja bonde la Edale, upande wa pili kijiji cha Castleton, na chini ya mlima barabara ya lami iliyopinda na kukatika vipande kama mkate uliokauka. Mlima ule unaporomoka polepole. Waliitengeneza barabara hiyo tena na tena, mwaka 1979 wakanyosha mikono wakaifunga. Nimewahi kuona picha za Uingereza nyingi, hakuna iliyonionyesha nchi iliyoshindwa na mlima.

Wale watakaokwenda, sikieni la jua. Katikati ya Januari linatua saa kumi na robo jioni, na mawingu yanaweza kulifunika mapema zaidi. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana kama mabehewa. Tulipoanza kushuka saa tisa na nusu tayari rangi ilikuwa imeanza kutoka kwenye nyasi. Simu yangu ilikuwa na chaji nusu, ikazimika ghafla kwa baridi. Tochi ya bibi ndiyo iliyotufikisha Castleton.

Chumba kilitugharimu pauni 95, na Pip akatozwa pauni 10 peke yake, jambo ambalo shoga analisimulia mpaka leo. Jioni tulikula baa. Najua, Mhariri, neno baa linachafua barua ya mama wa rika langu, lakini kule ndiko kwenye moto na chakula, na hakuna aliyeshangaa tulipoagiza supu ya mboga na chai. Mlangoni pana bakuli la maji ya mbwa. Watu wanne walimsalimia Pip kabla hawajatusalimia sisi, kisha wakatuuliza tumetokea wapi, tumepita njia gani, matope yalikuwaje Hollins Cross. Mtaani kwangu nimekaa miaka minne bila kuulizwa chochote zaidi ya taka zinachukuliwa lini.

Sasa nifike kwenye aibu yangu, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Jumapili tulitembea kando ya kijito kuelekea kijiji cha Hope kupanda treni. Mashamba tambarare, kondoo wametulia. Nilivua glavu nimimine chai, vidole vimekufa ganzi, kamba ikaniponyoka. Pip hakung'ata. Alibweka tu na kuwazunguka, na kondoo wote wakakimbia wakajisonga kwenye kona ya ukuta, mmoja juu ya mwingine. Tulipomkamata, mwenye shamba alikuwa ameshafika na pikipiki yake ya magurudumu manne. Nikajua leo ndiyo leo: wanawake wawili weusi, mmoja kavaa hijabu, na mbwa asiye wao.

Hakupaza sauti. Alisema wale majike wamepandwa tangu Novemba, watazaa Aprili, na kondoo mwenye mimba akikimbizwa anaweza kuitoa hata kama jino halikumgusa. Alisema tangu 1953 ni kosa kisheria mbwa kusumbua mifugo shambani, na kwamba kuna hali ambapo mfugaji akimpiga risasi mbwa huyo sheria inamlinda. Yeye hajawahi, akasema, na asingependa kuanza. Akasoma kibati cha shingoni, akamtambua Pip kwa anwani ya bibi, kisha akatuonyesha ngazi ya kuvukia ukuta iliyofichwa na miiba. Hakusema hata mara moja kwamba hatukuruhusiwa kupita hapo.

Hili ndilo ninalotaka wasomaji wenu walioko Uingereza walijue. Wengi wanadhani kamba ni ya majira ya vifaranga na wana-kondoo, kwa sababu kwenye ardhi ya wazi sheria inadai kamba isiyozidi mita mbili kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai. Lakini karibu na mifugo sheria hiyo hiyo inaidai mwaka mzima. Kwenye njia za mashambani hakuna kipimo kilichotajwa, anatakiwa tu awe chini ya udhibiti wako. Mimi sasa nafunga kamba kwenye mkanda wa kiunoni, vidole vife ganzi vitakavyo. Na kinyesi cha mbwa okoteni, mwende nacho. Kinaweza kumharibia ng'ombe mimba, hilo nalo sikulijua.

Jumatatu nilimrudishia bibi ramani yake wodini. Hakuuliza mandhari. Aliuliza, "Alikimbiza kondoo?" Nikakiri. Akanyamaza kidogo, akanyoosha mkono droo ya kando ya kitanda akatoa penseli, akaniambia niweke msalaba kwenye lile shamba. Nikauweka karibu na mingine. Ilikuwa kumi na moja, pamoja na wangu.

Mswahili wa Pangani,
Sheffield, Uingereza