Barua ya wazi kwa vijana mnaotembeza wageni Kilwa Kisiwani

Wanangu, asalaam aleikum.

Nimekaa kando mara nyingi nikiwasikiliza mkiwasimulia wageni, na napenda mnavyosimulia. Sauti zinafika, adabu mnayo, na njia za magofuni mnazijua kuliko sisi tuliozeeka nazo. Lakini kuna jambo linaniuma, na kwa umri huu sioni sababu ya kulimeza. Mnasimulia kuta na majina. Ali bin al-Hasan alikuja na merikebu kutoka Shirazi, akakinunua kisiwa kwa nguo, masultani wakafuatana, Mreno akaja, basi. Mgeni anapanda mashua kurudi Kilwa Masoko, ng'ambo, bila kusikia swali lililo kubwa kuliko yote: mfalme ni mtu mmoja na mji ulikuwa na maelfu ya watu, kwa nini walimkubali?

Anzeni na hiyo nguo. Hadithi inasema Ali huyo alikizungushia kisiwa nguo ndipo akapewa. Msiwaambie wageni kwamba mambo yalitokea hivyo hasa, wala msiitupe kama porojo. Waliochimba ardhi ya kisiwa chetu wamekuta watu waliishi hapo tangu karibu karne ya 9, wakivua, wakifua chuma na kufinyanga vyungu, katika nyumba za miti na udongo. Kisiwa kilikuwa na wenyewe. Na hadithi yenyewe inalikiri hilo, maana hununui kitu kisicho na mwenyewe. Wazee waliposimulia kwa Kiswahili waliongeza kwamba yule mgeni alimwoa binti wa mwenyeji, na mtoto wao akatawala kwa haki ya babu yake mzaa mama. Utafiti wa vinasaba vya watu wa kale wa pwani, uliochapishwa mwaka 2023, nao umeonyesha damu ya Uajemi ikiingia tangu karibu mwaka 1000, sana kupitia wanaume, na damu ya Kiafrika ikitoka sana kwa wanawake. Nyinyi mnamtaja baba wa Shirazi kwa fahari na mama hamumtaji kabisa. Bila mama huyo ukoo ungekuwa na jina kubwa lakini usingekuwa na ardhi. Mtajeni.

Mkumbuke pia kwamba Tarikh ya Kilwa, yaani historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo nakala yake ilitoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar na sasa iko London, ni kitabu cha karne ya 16. Wareno walikuwa wamekwisha kuupiga mji. Mwandishi anahesabu wafalme mmoja baada ya mwingine kwa sababu ukoo ulihitaji kutetewa. Mimi naisoma kama hoja ya mtu aliye mbele ya kadhi, na ndiyo maana naipenda.

Kwenye sarafu msipite haraka. Ni vipande vidogo vya shaba, wageni huviona kama vifungo. Upande mmoja pana jina la sultani, upande wa pili pana maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno hayo yamepangwa yakaingiana vina na jina. Mama anayenunua samaki alishika mkononi jina la mtawala na dua yake pamoja. Ijumaa, kama ilivyokuwa desturi ya miji ya Kiislamu zama hizo, jina hilo lilisikika tena katika hotuba ya msikitini. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Great Zimbabwe, mbali huko bara, upande ilikotoka dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji.

Huyu al-Hasan ndiye wa kukaa naye zaidi. Mnapowapeleka wageni Husuni Kubwa, jumba lake, mnawaonyesha kisima cha kuogelea chenye pembe nane na vyumba zaidi ya mia, na ni haki yenu kujivunia. Lakini Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika mwaka 1331, hakuandika sifa za jumba. Aliandika sifa za mkono wa mtu. Anasema sultani alikuwa akikaa na mafakiri na kula nao, na kwamba watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa wingi wa kutoa kwake. Siku moja fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akitoka kusali Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Akarudi ndani, akazivua, akampa. Watu wakastaajabu. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi, na sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo lile akaamuru aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo ndipo ninapowaomba mwe wakweli. Huwa mnasema "zawadi nyingi" mkapita. Semeni watumwa. Ibn Battuta huyo huyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akivamia nchi za watu wa bara, akichukua ngawira, na akiitenga sehemu ya tano itumike kama Kurani ilivyoagiza, masharifu wakipata fungu lao. Kwa hiyo sifa ya ukarimu iliyompa heshima mbele ya waungwana na wanazuoni ilitokana na watu waliotekwa, ambao hakuna aliyewauliza kama wanamkubali. Uhalali wa mfalme ulikuwa na mpaka: ndani yake walikuwamo wanaosali naye, nje yake walikuwamo wanaotekwa. Mgeni akiuliza, mjibuni hivyo hivyo bila kutafuna maneno. Baadhi yetu ni wajukuu wa hao waliokuwa nje ya mpaka, na mimi sioni haya kulisema.

Alipokufa al-Hasan, nduguye Daud akatawala. Ibn Battuta anasema akija mwombaji aliambiwa kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha cha kutoa. Huenda hazina ilikuwa tupu kweli, majumba yale hayakujengwa bure. Lakini ndugu wawili wa ukoo mmoja, mji mmoja, na mmoja akakumbukwa kwa sifa na mwingine kwa sentensi hiyo. Nasaba peke yake haikutosha.

Msikiti Mkuu una kisa ambacho sijamsikia hata mmoja wenu akikisimulia. Tarikh inasema msikiti ulianguka, watu wakasali kwa muda mrefu chini ya mabanda. Katika karne ya 15 mtu mmoja wa mji, Hajj Rush bin Husain, akamwomba sultani ruhusa aujenge kwa mali yake. Sultani akataka atumie dhahabu ya sultani, mithqali elfu moja (mithqali ni kipimo cha kale cha uzito wa dhahabu). Rush alisitasita, kisha akashauriwa azipokee asije akazuiwa. Akazipokea, akaziweka, akajenga kwa fedha zake, na sultani alipofariki akazirudisha kwa warithi. Simameni chini ya zile kuba mlieleze hili. Kila mmoja alitaka mji uione nyumba ya Mungu kuwa kazi ya mkono wake, na raia hakukubali kumwachia sultani sifa hiyo.

Karne hiyo hiyo nguvu zilianza kuwatoka masultani zikaingia kwa mawaziri na maamiri, waliokuwa wakiweka na kuondoa. Majina ni mengi, msiwachoshe wageni nayo. Mmoja tu msimwache: Amiri Ibrahim, aliyeushika mji baada ya Sultani al-Fudail kuuawa. Vasco da Gama alimtoza kodi ya dhahabu mwaka 1502 kwa vitisho vya mizinga, na Julai 1505 Francisco de Almeida, jemadari wa Wareno, akauteka mji, mojawapo ya visingizio vyake ikiwa kwamba Ibrahim si mfalme wa haki.

Hili lisimulieni penye Gereza, ile ngome ya kisiwani. Jengo mnaloliona sehemu kubwa ni la enzi ya Waomani, ila Mreno alijenga ngome yake mahali hapo. Almeida alimtawaza Muhammad Ankoni, tajiri wa mji, kwa taji la dhahabu lililobebwa kutoka Ureno kwa ajili ya mfalme wa Cochin, India. Ankoni alikuwa na mtoto wake wa kiume, lakini aliomba mrithi awe mwana wa al-Fudail. Alikwisha kuvikwa taji, mizinga iko nyuma yake, na bado alijua watu wa Kilwa wanamhesabu nani kuwa mfalme wa haki. Mwaka uliofuata akauawa. Mwanawe na mwana wa al-Fudail wakagombania kiti, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome wakaondoka.

Anayetaka tusome Tarikh pamoja, mstari kwa mstari, anikute barazani baada ya alasiri. Njooni hata wale mnaoona nimekosea, na mje na hoja.

Mzee wenu wa Kilwa