Kabla Hujafunga Rejeta Kubwa

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako na nimefahamu kwamba unataka kuiondoa rejeta (kifaa kinachopoza maji ya injini) ya asili ya gari lako la zamani ili ufunge ya alumini iliyo kubwa zaidi. Sikukatazi, ila kabla hujanunua chochote nijibu swali moja: gari linachemsha wakati gani? Likichemsha limesimama huku injini ikinguruma, kisha likapoa linapokimbia, upungufu uko kwenye hewa, yaani feni, kava lake au belti iliyolegea, na rejeta mpya haitakufaa sana. Likichemsha katika mwendo wa kasi au kwenye mlima mrefu, hapo rejeta inastahili kushukiwa, ingawa huenda pia mpira wa chini unaopitisha maji unajibana kwa mvuto wa pampu, au kutu imejaa katika njia za maji ndani ya bloku, yaani mwili wa injini.

Usitarajie injini iwe baridi kuliko themostati, ile vali inayofunguka maji yakipata joto, inavyoruhusu; rejeta kubwa huongeza akiba ya upoaji tu. Wala usihesabu safu za mirija kama wauzaji wanavyopenda uhesabu, kwa kuwa safu mbili za mirija mipana ya alumini zinaweza kuzishinda safu nne nyembamba za shaba.

Kazi yenyewe iko kwenye vipimo. Rejeta nene huisogelea feni, na injini iliyokaa juu ya mipira husogea mbele kidogo unapokanyaga breki kwa nguvu, kwa hiyo ningependa ibaki nafasi ya milimita 25 hivi. Ikikosekana, ni afadhali uchague rejeta nyembamba kuliko kukata bati la mbele, maana bati la asili likishakatwa halirudi, na mimi sioni raha ya gari la kale lililochongwa ili kutosheleza kifaa cha dukani. Tengeneza vishikio vinavyotumia matundu ya boliti yaliyopo, uweke mipira chini na juu, kwa sababu alumini iliyokazwa moja kwa moja kwenye chuma hupasuka kwenye maungio kwa mtikisiko. Ile ya zamani ihifadhi.

Alumini ina adui mwingine, nao ni umeme unaopotea njia, ukapita kwenye maji ya rejeta na kuila. Tumia maji yaliyochujwa kwa mvuke pamoja na kulanti (dawa ya maji ya kupoza) inayofaa alumini, na waya wa ethi, yaani wa kurudisha umeme kwenye hasi ya betri, wa feni ya umeme usiufunge kwenye rejeta. Kisha washa injini ingali baridi, taa na feni zikiwaka, uunganishe ncha hasi ya multimita (kipimo cha umeme) na hasi ya betri, na ile chanya uichovye ndani ya maji ya rejeta bila kugusa chuma. Ikisoma zaidi ya volti 0.1, tafuta ethi mbovu.

Kuhusu kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo la maji, usiruke kutoka paundi 7 hadi 15 kwa inchi ya mraba kwa sababu tu rejeta mpya inahimili. Ni kweli kwamba shinikizo hupandisha kiwango cha kuchemka, lakini hita na mipira ya maji ya zamani havikuundwa kwa mzigo huo.

Unapojaza maji, inua pua ya gari na uache koki ya hita wazi ili hewa itoke, kisha uongeze injini ikishapoa kabisa. Nitumie kwanza kipimo cha nafasi iliyo mbele ya feni, kabla hujaagiza.

Baba yako.