Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mpango wangu mimi ni kuzaa

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Umri wetu labda ni mmoja ila cheo kimenizidi kwahiyo naamkia tu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari huku kusini kwenye korosho, nina miaka 42, nimeolewa, sina mtoto. Naanza na hiyo kabisa tusizungushane, maana barua za namna hii mtu anaandika kurasa mbili za salamu ndo anafika kwenye shida. Shida ni kwamba natafuta mtoto toka nikiwa na 36 na nimechoka kumhadithia kila nesi wa zamu upya, bora nikuandikie wewe mkubwa wao mara moja iishe.

Siku ya kwanza nilienda kituo cha afya, jengo la mama na mtoto, si ndo kwenye uzazi. Dada wa mapokezi kashika kalamu akaniuliza mama nani? Nikamtajia jina langu. Akasema hapana, mama nani, mtoto wako anaitwa nani. Nikamwambia sina, ndo kilichonileta. Akamgeukia mwenzie wakanong'ona, halafu akaniambia hapa ni wajawazito, wanaonyonyesha, na uzazi wa mpango. Nikasema basi mi nipo kwenye hiyo ya tatu, nina mpango wa kuzaa. Walicheka na mimi nikacheka, kwa kweli ilichekesha, ila nilivyofika nyumbani nililia mpaka nikalala na viatu.

Ukutani pale kulikuwa na bango la njia zote, vidonge, sindano, vijiti, kitanzi, kondomu, kufunga kizazi, vyote bure na vyote vina mtu wa kukuelezea. Ningetaka kijiti ningetoka nacho mkononi ndani ya nusu saa. Nilikuwa nataka kinyume chake nikaambiwa niondoe mawazo, Mungu atanipa wakati wake.

Sipingi uzazi wa mpango, naomba nieleweke. Mimi mwenyewe nilichoma sindano chuoni na ndo iliyonimalizisha digrii. Na kazi yenu tunaiona, vifo vya kina mama vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16, ule wa 2022 ukaja na 104, hiyo grafu nimeichora ubaoni mwenyewe na darasa lilikaa kimya. Lakini utafiti huohuo unasema mwanamke wa Tanzania kwa wastani anazaa watoto 4.8, na nadhani hapo ndo sisi tunapopotelea. Wastani ni kitu cha ajabu, nawafundisha watoto kila mwaka, kwenye ile 4.8 mimi nimo na sifuri yangu na hakuna anayeniona. Nchi inayozaa sana haiamini kama kuna mtu anashindwa kuzaa. Hayati Rais Magufuli mwaka 2018 aliwaambia kina mama waachane na njia za uzazi wa mpango wazae, mi nilikuwa nimeshaziacha zamani mzee wangu, haikusaidia.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023, karibu mtu 1 kati ya 6 anapitia hali hii kipindi fulani cha maisha yake. Mtu, sio mwanamke. Hilo neno nitalirudia chini.

Sasa nikwambie kwanini nilichelewa, maana najua kuna anayesoma hapa anasema si ungeolewa mapema. Nilisoma, nikapangiwa kazi mbali, nikasomesha wadogo zangu wawili, nikaolewa na 36 na mtu wa Dodoma mwajiriwa wa serikali kama mimi, yeye kule mimi huku, na uhamisho naomba kila mwaka kwenye mfumo. (Nakala ya barua hii iende Utumishi kama mna njia ya kuwafikishia.) Yai likitoka linaishi saa 12 mpaka 24 tu, mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hata siku 5, kwahiyo mwezi mzima una kama siku 6 za maana. Kiswahili chetu kinaziita siku za hatari! Mimi hizo siku za hatari ndo nilikuwa nazitafuta kwa basi, nalala Dar, asubuhi Dodoma, nafika miguu imevimba na mume naye karudi kazini kachoka. Na kwenye fomu ya ruhusa unamwandikia mkuu wa shule sababu gani? Nilimuua bibi yangu mara mbili, Mungu anisamehe, mpaka mkuu akaniuliza mwalimu kwani bibi zako wangapi.

Miaka miwili ya hivyo ndo nikaenda pale kituoni nikiwa na 38. Nilichotakiwa kuambiwa siku ile hakizidi dakika mbili. Kwamba mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, milioni moja mpaka mbili, akivunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, hayatengenezwi mengine. Kwamba ukipita 35 yanapungua haraka na yaliyobaki mengi hayako sawa ndani, ndo maana mimba zinakuwa ngumu kushika na zikishika zinatoka kirahisi. Kwamba mwenye chini ya 35 ajaribu mwaka mzima kabla ya kupimwa, aliyefika 35 ajaribu miezi 6, aliyefika 40 asisubiri. Mimi nilikuwa na 38 na miaka miwili mkononi, nilitakiwa kupimwa wiki ileile. Badala yake nikapewa dozi ya PID, yaani maambukizi ya kwenye kizazi na mirija. Nikarudi, nikapewa dozi ya PID. Mara ya tatu nikaambiwa ni UTI sugu. Mheshimiwa hapo hakuna kipimo hata kimoja kilichofanyika zaidi ya mkojo, na mume wangu hakuna aliyemuuliza hata jina.

Yeye naye alikuwa na lake. Ana binti aliyezaa akiwa kijana kabla hajanijua, kwahiyo kwake kesi ilishafungwa, mimi ninaye, tatizo haliwezi kuwa langu. Mama mkwe hivyohivyo, mawifi ndo usiseme. Hakuna aliyewaambia kwamba mbegu za miaka 15 iliyopita sio za leo, na kwamba karibu nusu ya hizi kesi upande wa mwanaume unahusika, peke yake au pamoja na wa mwanamke. Alikubali kwenda baada ya mwaka wa kuombwa. Hospitali ilikuwa kubwa tu, ya mjini, wakampa kikopo na kumwonyesha choo cha wagonjwa. Choo cha wagonjwa chenye foleni! Hakina komeo, mtu anagonga, mwingine anaharisha huko nje anaomba wamharakishe. Alitoka na kikopo kitupu na hasira ya miezi mitatu, na mimi hiyo miezi mitatu nikiihesabu. Tulivyorudia sehemu nyingine yenye chumba cha kufunga mlango, majibu yakaja mbegu chache mno, mishipa ya korodani imevimba, akafanyiwa upasuaji mdogo akapona. Kipimo chenyewe kinataka darubini, kibao cha kuhesabia na mtu aliyefundishwa. Darubini si zipo mpaka wilayani huko zinaangalia malaria na kifua kikuu? Na sampuli inatakiwa isomwe ndani ya saa moja hivi, sasa mtu wa kijijini kwetu utamwambia aipeleke wapi.

Mimi nikapigwa picha ya mirija, wanakusukumia dawa kwenye kizazi halafu eksirei, inauma sitaki kusema uongo. Mrija mmoja umeziba, mmoja uko wazi. Laki na nusu, cash, maana bima ninayokatwa kila mwezi toka 2009 ilisema hilo halimo. Hiyo bima ingenilipia kujifungua hata watoto saba.

Kati ya zile dozi za PID na hivi vipimo kuna kipindi sikipendi kukumbuka ila nitakisema kwa sababu kiko chini ya ofisi yako. Nilinunua dawa mtandaoni. Ukishatafuta neno mirija kwenye simu mara moja tu umekwisha, kila ukifungua ni laivu ya mtu anauza, ushuhuda, picha za mapacha, tuma hela tunakutumia popote ulipo. Nikanunua vile vifurushi vya kuweka ukeni vya kusafisha kizazi, 85,000, vikaniunguza, vikafuata homa na usaha, nikalazwa siku mbili, na daktari aliniambia maambukizi kama yale ndo yanayoziba mirija yenyewe. Mwalimu wa hesabu mimi, nimesoma, na nilinunua. Mheshimiwa mrija ulioziba kwa kovu hauzibuliwi na juisi wala unga wa mbegu za maboga. TMDA, wale wa kudhibiti dawa na vifaa tiba, mnayo, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala mnalo, na hawa watu hawajifichi, namba za simu wameziandika kubwa kabisa.

Nilishika mimba mara moja, nikiwa na 40. Ilitoka wiki ya nane, hata kadi ya kliniki nilikuwa sijafungua, kwahiyo kwenye vitabu vyenu haikuwahi kuwepo. Hapo sina la kuongeza.

Ila kuna kimoja nilijifunza kipindi kile. Fefo, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, tunapewa kliniki tukishakuwa wajawazito, na wengi wetu tunaanza kliniki mwezi wa nne, wa tano. Kumbe uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 toka mimba kutunga, kabla wengi hatujajua kama tunayo. Wale watoto wa mgongo wazi tunaowaona, foliki asidi inatakiwa iwe mwilini kabla, kwa huyu anayepanga kuzaa, ambaye pale kliniki hana dirisha. Kidonge hicho ni cha bei ya pipi jamani.

Kuhusu IVF sasa, ile ya kutungisha mimba maabara halafu unawekewa kwenye kizazi, maana kila mtu akisikia hii stori ananiambia kapandikize. Niliulizia mwaka jana, hesabu niliyopewa ilikuwa kama milioni 15 kwa mzunguko mmoja na dawa nyingine nje ya hapo. Lakini hata ningeiokota, daktari alinikalisha chini akaniambia ukweli ambao namshukuru, IVF inaruka mrija ulioziba, hairudishi umri wa yai. Yule mtoto wa kwanza kabisa, Louise Brown, Uingereza mwaka 1978, mama yake mirija ndo ilikuwa imeziba na hakuwa hata amefika 35. Huko kwao mpaka leo mwanamke wa 43 kwa mayai yake mwenyewe hana hata nafasi moja kati ya kumi kila wanapomuwekea. Kwahiyo sikuombi milioni 15. Nilichokuwa nahitaji mimi kilikuwa cha bei rahisi, ila nilikihitaji nikiwa na 38.

Ninachoomba ni kwamba pale kwenye uzazi wa mpango awepo mtu wa kumpokea na anayetaka kuzaa, amuulize umri kabla ya kumwambia aondoe mawazo, ampe foliki asidi, na amwandikie aje na mwenza wake. Kipimo cha mwanaume kiwepo kila hospitali ya wilaya na kiwe cha kwanza, sio cha mwisho baada ya mke kusafishwa miaka miwili. Picha ya mirija iwepo kila mkoa. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mliyoipitisha 2023, kwenye kitita chake vipimo hivi viingizwe kwa jina, maana visipotajwa kwa jina dirishani wanakwambia havimo. Hao mabinti wanaoajiriwa sasa hivi kupelekwa Tandahimba na Kakonko wana 27, 28, miaka kumi sio mingi, mimi nimeiona ikipita nikisahihisha madaftari.

Mimi nina miadi nyingine Dar mwezi ujao, nimeomba ruhusa, safari hii niliandika sababu yenyewe kwenye fomu na mkuu akasaini bila neno, akanirudishia kalamu akasema mwalimu nauli unayo? Basi linatoka Masasi jioni. Mume wangu anatokea Dodoma tunakutana palepale asubuhi, na ameniambia nisisahau kukuandikia kuhusu komeo.

Wako,
Mwalimu wa hesabu, kusini