Shangazi, huenda hicho si kipandauso

Shikamoo shangazi,

Jumapili nilikuona ukiweka kitana chini. Ulikuwa unachana nywele, ulipofika juu ya sikio la kushoto ukashtuka, ukajifunga kanga kichwani na kusema, "Kipandauso changu hiki." Kisha mezani ukatafuna nyama mara tatu nne, ukapumzisha taya, ukaendelea. Sikusema kitu mbele ya wageni. Naandika hapa kwa sababu wapo akina shangazi wengi Mbagala na Tandika wanaojifunga kanga vivyo hivyo.

Tukishasema kipandauso, tunaacha kuuliza kimetokana na nini. Mimi nilikaa nacho miezi mitano upande wa kulia. Kila nikiinama kuinua ndoo, shavu lilijaa kama linataka kupasuka. Nilimeza Panadol karibu kila siku, na dawa za maumivu zikizidi hivyo nazo huleta kichwa. Kumbe gego la juu lilikuwa limeoza mpaka kwenye mzizi, usaha umepanda hadi kwenye uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu. Daktari wa meno ndiye wa kwanza kuniuliza kwa nini pua inatoa harufu upande mmoja tu.

Kichwa chako kinanitisha zaidi. Mtu aliyevuka miaka 50, kichwa kimeanza karibuni, ngozi haitaki kuguswa na kitana, taya linachoka kwa kutafuna: huenda mishipa ya damu ya kwenye panja imevimba. Ni ugonjwa adimu, kwetu Waafrika adimu zaidi, kwa hiyo ni rahisi kupitwa. Uvimbe huo ukifika kwenye mishipa inayolisha jicho, mtu anaweza kupofuka, na mara nyingi uoni haurudi. Daktari akiushuku huanzisha prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe, mara moja, hata kabla majibu ya vipimo hayajatoka. Tafadhali usiende kuinunua mwenyewe duka la dawa.

Kesho nitakuja alfajiri, kabla Barabara ya Kilwa haijajaa magari. Tukifika kwa daktari, mwambie habari ya kitana na ya nyama, hilo neno kipandauso liache nyumbani. Na usiku huu jicho likiingia ukungu, au ukaona kitu kimoja viwili, hata kwa dakika chache, usingoje kukuche. Nipigie, nitakuja na bajaji.